Fahamu: Kwa Nini Mashabiki wa Marekani Walinyimwa Mechi za Timu za Nyumbani

Msimu wa mwaka 2010 ulikuwa wa matumaini kwa timu ya Tampa Bay Buccaneers ya jimbo la Florida, nchini Marekani. Timu hiyo, ambayo mwaka uliotangulia ilikuwa imeshinda mechi 3 tu kati ya 16, safari hii ilishinda 10 na kupoteza 6. Hata hivyo, mkazi wa Tampa aliyetegemea televisheni hakuona moja kwa moja hata mechi moja kati ya nane za msimu wa kawaida ambazo timu yake ilicheza nyumbani. Shabiki aliyekuwa mji mwingine, mamia ya kilomita kutoka hapo, aliweza kuziona. Aliyeishi mitaa michache kutoka uwanjani hakuweza.

Hapakuwa na hitilafu ya mitambo wala mgogoro wa mkataba kati ya timu na vituo vya televisheni. Ilikuwa ni kanuni ya Ligi ya Taifa ya Futiboli ya nchi hiyo, maarufu kwa kifupi NFL, iliyosema kuwa mechi ambayo tiketi zake hazijauzwa zote isirushwe katika eneo inakochezwa. Kanuni hiyo iliathiri maisha ya mashabiki kwa zaidi ya miaka 60, ikapelekwa mahakamani, ikajadiliwa Bungeni, ikamgusa hata Rais aliyekuwa madarakani, na hatimaye ikawekwa kando mwaka 2015.

Makala hii inaeleza kanuni hiyo ilitoka wapi, ilifanyaje kazi, kwa nini iliwaudhi wananchi, na ni nini hasa kilichoiondoa.

Kanuni ilivyofanya kazi

Futiboli ya Kimarekani ni mchezo tofauti na soka. Huchezwa na wachezaji 11 kila upande, kwa mpira wenye umbo la yai, na mpira huo hubebwa na kurushwa kwa mikono zaidi kuliko kupigwa kwa mguu. Ni mchezo wenye watazamaji wengi kuliko mwingine wowote katika televisheni za Marekani. Msimu wa kawaida ni mfupi. Kwa miaka mingi kila timu ilicheza mechi 16 tu, nane nyumbani na nane ugenini, hivyo kila mechi ya nyumbani ilikuwa tukio kubwa kwa mji mzima.

Kwa utaratibu uliotumika kuanzia mwaka 1973, tiketi zote zilipaswa kuwa zimeuzwa saa 72 kabla ya mechi kuanza. Kwa kuwa mechi nyingi huanza Jumapili saa 7:00 mchana, siku ya hukumu ilikuwa Alhamisi saa 7:00 mchana. Ikiwa tiketi zilikuwa zimebaki, vituo vya televisheni ambavyo mawimbi yake yalifika ndani ya maili 75 za uwanja, sawa na kilomita 120 hivi, havikuruhusiwa kurusha mechi hiyo. Badala yake vilirusha mechi ya miji mingine au kipindi kingine kabisa. Kwa mkazi wa eneo hilo ilibaki redio.

Mara nyingi ligi iliongeza muda, wakati mwingine kwa saa 24, ili kuipa timu nafasi ya kuuza tiketi zilizosalia. Hapo ndipo ulipozuka mtindo ambao mashabiki waliuzoea: wiki nzima vyombo vya habari vya mji hutangaza idadi ya tiketi zilizobaki, na siku ya Alhamisi hadi Ijumaa kampuni ya biashara au kituo cha televisheni hujitokeza kununua mabaki ili mechi ionekane. Timu yenyewe pia iliruhusiwa kununua tiketi zake kwa senti 34 kwa kila dola, kiasi kilicholingana na mgao ambao kwa kanuni za ligi ulikuwa haki ya timu ngeni. Baadhi ya wamiliki walifanya hivyo. Wengine walikataa, wakihofia kuwafundisha mashabiki kusubiri badala ya kununua.

Chanzo: hofu ya viti vitupu

Ili kuielewa kanuni hii ni lazima kurudi nyuma hadi mwaka 1950, wakati televisheni ilipokuwa chombo kipya majumbani. Mwaka huo timu ya Los Angeles Rams iliamua kurusha mechi zake zote za nyumbani. Kampuni iliyodhamini matangazo hayo ilikubali kuifidia timu iwapo mapato ya mlangoni yangeshuka.

Yalishuka kweli. Mwaka 1949 watu zaidi ya 200,000 waliingia uwanjani kutazama mechi za nyumbani za Rams. Mwaka 1950, ingawa timu ilifika fainali, walioingia walikuwa takriban 110,000. Mdhamini alilipa fidia, na mwaka uliofuata matangazo ya mechi za nyumbani yalisitishwa. Watazamaji wakarudi uwanjani.

Kwa wamiliki wa timu, somo lilionekana wazi: mtu hanunui kitu anachopewa bure. Wakati huo viingilio ndivyo vilivyolipa mishahara ya wachezaji, nauli na kodi ya uwanja. Timu kadhaa zilikuwa zimekufa ndani ya kumbukumbu za wamiliki waliokuwa hai, hivyo hofu yao haikuwa ya kubuni. Kamishna wa ligi, Bert Bell, aliyeongoza kuanzia mwaka 1946 hadi kifo chake mwaka 1959, alisimamia kwa uthabiti msimamo kwamba mechi ya nyumbani isionekane nyumbani.

Wizara ya Sheria ya Marekani iliiona sera hiyo kuwa ni kinyume cha sheria za ushindani wa kibiashara, ikafungua kesi mwaka 1951. Mwaka 1953 Jaji Allan Grim wa mahakama ya shirikisho mjini Philadelphia alitoa uamuzi uliogawa haki pande mbili. Alikataza ligi kuwazuia watu kutazama mechi nyingine wakati timu yao inacheza ugenini. Lakini aliruhusu kuzimwa kwa matangazo katika eneo la timu inayocheza nyumbani, kwa hoja kwamba ligi hudumu kwa nguvu ya timu zake dhaifu. Timu dhaifu ikikosa viingilio hufa, na zikifa kadhaa ligi nzima huanguka.

Sheria ya mwaka 1961 na mgao wa fedha

Mwaka 1961 Kamishna mpya, Pete Rozelle, alitaka ligi iuze haki za televisheni za timu zote kwa pamoja na kugawana mapato sawa kwa sawa. Mahakama ilizuia mpango huo. Rozelle alikwenda Bungeni, na tarehe 30 Septemba 1961 Rais John F. Kennedy alitia saini Sheria ya Utangazaji wa Michezo, ambayo iliziruhusu ligi kuuza haki za matangazo kwa pamoja bila kushitakiwa kwa ukiritimba.

Sheria hiyo ilikuwa na mambo mawili yanayohusu mada hii. Kwanza, ilithibitisha haki ya ligi kuzima matangazo katika eneo la timu inayocheza nyumbani. Pili, iliweka mipaka ya kurusha mechi za kulipwa jioni za Ijumaa na siku za Jumamosi wakati wa msimu, ili mashabiki wasiache kwenda kutazama mechi za vyuo. Kwa maneno mengine, watunga sheria walikubali hoja ya msingi ya wamiliki kwamba televisheni huweza kukausha mapato ya uwanja, na uwanja unastahili kulindwa.

Mkataba wa kwanza chini ya sheria hiyo, uliosainiwa na kituo cha CBS, ulikuwa wa dola milioni 4.65 kwa mwaka kwa timu 14. Mgao wa kila timu haukufika dola 350,000. Katika hesabu za namna hiyo kiingilio bado kilikuwa mfalme.

Uwanja umejaa, televisheni imezimwa

Hadi mwaka 1973 kanuni ilikuwa kali kuliko ile iliyowakuta watu wa Tampa baadaye. Mechi ya nyumbani ilizimwa hata kama kila kiti kilikuwa kimeuzwa. Hapo ndipo malalamiko ya wananchi yalipopata nguvu, kwa kuwa hoja ya kulinda viingilio ilikuwa haipo tena.

Fainali ya mwaka 1958 kati ya New York Giants na Baltimore Colts, iliyochezwa katika Uwanja wa Yankee mjini New York na kuamuliwa katika muda wa nyongeza, husifiwa hadi leo kuwa ndiyo mechi iliyoifanya futiboli kuwa mchezo wa televisheni. Mamilioni ya watu nchini kote waliitazama. Wakazi wa New York walikuwa nje ya hesabu hiyo. Mwaka 1962, Giants walipocheza fainali nyingine katika uwanja huohuo, mashabiki walikwenda mahakamani kuomba zuio liondolewe. Jaji Edward Weinfeld alikataa ombi lao kwa sababu sheria ya mwaka uliotangulia ilikuwa upande wa ligi. Katika miaka hiyo ikawa desturi kwa mashabiki wa Giants kuendesha magari hadi hoteli ndogo za kando ya barabara katika jimbo jirani la Connecticut, ambako matangazo yalipatikana, wakakodi vyumba kwa ajili ya kutazama mechi iliyokuwa ikichezwa mjini kwao.

Desemba 1972 ndiyo iliyofikisha mambo kileleni. Tarehe 23, mjini Pittsburgh, wenyeji Steelers walikuwa nyuma dhidi ya Oakland Raiders zikiwa zimebaki sekunde chache. Mpira uliorushwa ulimgonga mchezaji, ukaruka nyuma, na kijana Franco Harris akaudaka karibu na nyasi na kukimbia nao hadi mwisho wa uwanja. Steelers wakashinda 13 kwa 7. Ni tukio linalotajwa mara nyingi zaidi katika historia ya mchezo huo. Uwanja ulikuwa umejaa, lakini katika nyumba za Pittsburgh televisheni hazikuonyesha chochote cha mechi hiyo.

Siku iliyofuata timu ya mji mkuu, Washington, ilicheza mechi yake ya mtoano nyumbani, nayo ilizimwa. Rais Richard Nixon alikuwa shabiki wa timu hiyo. Mwanasheria Mkuu wa serikali yake, Richard Kleindienst, alimwomba Rozelle aondoe zuio kwa mechi za mtoano zilizouzwa zote. Rozelle alikataa. Mkuu wa chombo cha michezo alikuwa amemkatalia mkuu wa nchi, na wabunge, ambao wengi wao walikuwa wakazi wa Washington wakati wa vikao, walikuwa wamekosa mechi pia.

Majibu ya Bunge yalikuja haraka. Chini ya msukumo wa Seneta John Pastore wa jimbo la Rhode Island, Bunge lilipitisha kwa kura nyingi sheria iliyotiwa saini tarehe 14 Septemba 1973. Iliamuru kwamba mechi ambayo tiketi zake zote zimeuzwa saa 72 kabla isizimwe. Sheria hiyo ilikuwa ya muda na ilikoma mwishoni mwa mwaka 1975, lakini ligi iliendelea kuifuata kwa hiari, ikijua kuwa kuikiuka kungeleta sheria nyingine kali zaidi.

Mwaka huohuo wa 1975, Tume ya Mawasiliano ya Shirikisho, FCC, iliweka kanuni yake. Ilizikataza kampuni za televisheni za kebo, na baadaye za setelaiti, kuingiza katika eneo fulani mechi iliyozimwa na ligi katika eneo hilo. Kuanzia hapo zuio lilikuwa na nguzo mbili: sera ya ligi na mkono wa serikali.

Kwa nini mashabiki waliudhika

Kwa mtazamo wa juu, lawama za mashabiki zingeweza kuonekana kama za mtu anayedai kitu cha bure. Zikichunguzwa, zilikuwa na hoja nzito tatu.

Hoja ya kwanza ni ya kodi. Viwanja vingi vya NFL vilijengwa kwa sehemu kubwa au kwa ukamilifu kwa fedha za umma. Uwanja wa Tampa uliofunguliwa mwaka 1998 ni mfano. Mwaka 1996 wapiga kura wa wilaya ya Hillsborough waliidhinisha nyongeza ya nusu senti kwa kila dola katika kodi ya mauzo, kwa muda wa miaka 30, kugharamia uwanja pamoja na shule na huduma nyingine za umma. Kwa hiyo mwaka 2010, mkazi aliyenunua viatu vya mtoto au kiti cha sebuleni alikuwa akichangia uwanja. Jumapili ilipofika, aliambiwa kuwa hawezi kuona kinachoendelea ndani yake mpaka alipe tena.

Hoja ya pili ni ya wasio na uwezo wa kwenda. Wazee, wagonjwa, watu wenye ulemavu, wanaofanya kazi siku za Jumapili na familia zenye kipato kidogo hawangenunua tiketi hata zuio lingedumu miaka mia. Kuwazimia televisheni hakukuongeza kiti hata kimoja kilichouzwa. Walikuwa wakiadhibiwa kwa uamuzi wa watu wengine.

Hoja ya tatu ni ya wakati. Zuio liliuma zaidi pale hali ya uchumi ilipokuwa ngumu zaidi. Baada ya msukosuko wa fedha wa mwaka 2008, miji kama Detroit na Tampa ilikumbwa na upungufu mkubwa wa ajira, na tiketi ndiyo iliyokuwa ya kwanza kukatwa katika bajeti ya familia. Mashabiki walipoishiwa fedha, walipoteza na burudani ya bure ambayo ingewafariji. Aidha, miji midogo yenye viwanja vikubwa ilibeba mzigo usiolingana. Buffalo, katika jimbo la New York, ni moja ya miji midogo zaidi yenye timu ya NFL, na uwanja wake wa wakati huo ulichukua watu zaidi ya 70,000. Kuuza kila kiti mwezi Desemba, theluji ikianguka, kwa timu isiyofanya vizuri, lilikuwa jambo gumu.

Timu nyingine zilitafuta njia ya kupunguza viti badala ya kuongeza watazamaji. Mwaka 2005 Jacksonville Jaguars walifunika karibu viti 10,000 kwa maturubai ili visihesabiwe. Picha hiyo ilieleza mengi: mji uliojenga uwanja mkubwa ulilazimika kuufunika ili wananchi wake waruhusiwe kuutazama kwenye televisheni.

Fedha zilipohama

Wakati malalamiko yakiendelea, jambo jingine lilikuwa likitokea kimyakimya katika vitabu vya hesabu. Fedha za televisheni ziliongezeka mwaka hadi mwaka mpaka zikaupita mlango wa uwanja na kuuacha mbali. Mikataba iliyotangazwa mwaka 2021 peke yake inakadiriwa kuwa na thamani ya zaidi ya dola bilioni 110 kwa miaka 11. Ikilinganishwa na dola milioni 4.65 za mwaka 1962, ni wazi kuwa mwenye nyumba amebadilika.

Badiliko hilo liligeuza maana ya zuio. Mwaka 1950 mechi iliyoonekana nyumbani ilikuwa hasara kwa timu. Kufikia miaka ya 2010, mechi iliyozimwa nyumbani ilikuwa hasara kwa vituo vya televisheni vilivyolipa mabilioni, kwa watangazaji wa biashara, na hatimaye kwa ligi yenyewe. Mji unaoipenda zaidi timu ndio uliokuwa ukiondolewa katika hesabu ya watazamaji.

Ligi ilianza kulegeza. Mwaka 2012 iliziruhusu timu kuchagua kiwango cha chini cha mauzo hadi asilimia 85 ya tiketi za kawaida. Mwaka 2013 mechi zilizozimwa zilikuwa mbili tu kati ya 256 za msimu wa kawaida. Hata hivyo, tishio lilibaki. Januari 2014, saa chache kabla ya muda kwisha, mechi za mtoano za Green Bay, Cincinnati na Indianapolis zilikuwa bado na tiketi, na kampuni za biashara zikajitokeza kuzinunua.

Wakati huohuo hoja dhidi ya kanuni ya serikali ilikuwa ikikomaa. Mwaka 2011 vyama vya kutetea mashabiki na walaji viliiomba FCC iifute. Wachumi wa michezo waliowasilisha maoni yao walieleza kuwa hapakuwa na ushahidi wa kuridhisha kwamba kuzima matangazo huongeza mauzo ya tiketi. Ligi ilipinga, ikionya kuwa kufutwa kwa kanuni kungeweza kuhamisha mechi kutoka televisheni za bure kwenda za kulipia.

Tarehe 30 Septemba 2014, makamishna wote watano wa Tume, wa vyama vyote viwili vya siasa, walipiga kura ya kuifuta. Ikumbukwe kuwa uamuzi huo haukuiondoa sera ya ligi, bali uliondoa msaada wa serikali kwa sera hiyo. Ligi ingeweza kuendelea kuzima mechi kwa mikataba yake. Lakini Machi 2015 wamiliki wa timu walikubaliana kusimamisha zuio kwa msimu mmoja, kisha wakaendelea kulisimamisha. Viwanja havikubaki vitupu.

Uingereza, na kivuli chake Afrika Mashariki

Wazo hili halikuzaliwa wala kufia Marekani peke yake. Katika soka la Uingereza lipo hadi leo. Katika miaka ya 1960 Bob Lord, mwenyekiti wa klabu ya Burnley, aliwashawishi wenzake kuwa kurusha mechi Jumamosi mchana kungewafanya watu waache kwenda kutazama timu za madaraja ya chini. Mpaka sasa, kati ya saa 8:45 mchana na saa 11:15 jioni siku ya Jumamosi, mechi za soka hazirushwi moja kwa moja nchini humo. Hata katika mkataba ulioanza msimu wa 2025-26, mechi za Ligi Kuu zinazoonyeshwa nchini humo ni 267 kati ya 380.

Zuio hilo linaishia kwenye mipaka ya nchi. Mechi inayoanza saa 9:00 mchana kwa saa za London huonekana Dar es Salaam, Mombasa au Kampala saa 11:00 au saa 12:00 jioni, kutegemea majira. Kijana aliyelipa kiingilio kidogo katika kibanda umiza huitazama bila kizuizi, ilhali shabiki aliyezaliwa mtaa wa jirani na uwanja hana njia halali ya kuiona isipokuwa kununua tiketi, ambazo kwa klabu kubwa huwa zimekwisha. Ni hali ileile ya Pittsburgh mwaka 1972: aliye mbali anaona, aliye karibu haoni.

Zuio lililogeuka

Nchini Marekani picha sasa imepinduka. Mechi za NFL zilizouzwa kwa televisheni za kebo au kwa huduma za intaneti hurushwa bure katika miji ya timu mbili zinazocheza. Tarehe 13 Januari 2024, mechi ya mtoano kati ya Kansas City Chiefs na Miami Dolphins ilikuwa ya kwanza ya aina yake kurushwa na huduma ya intaneti ya kulipia pekee, Peacock. Wakazi wa Kansas City na Miami waliitazama katika kituo cha kawaida cha televisheni bila malipo. Waliobaki nchini kote walitakiwa kulipa.

Shabiki wa nyumbani, aliyekuwa wa mwisho kuhesabiwa, sasa yuko mbele ya foleni, na lawama zimehamia kwa mashabiki walio mbali wanaolazimika kujiunga na huduma nyingi ili kuiona ligi moja. Sehemu ya onyo ambalo ligi ilitoa mwaka 2014, kwamba mechi zingehamia kwenye huduma za kulipia, imetimia, ingawa waliozihamisha ni ligi yenyewe na wanunuzi wa haki zake.

Historia hii inaonyesha kuwa katika michezo ya kulipwa, anayeruhusiwa kuona na anayezuiwa huamuliwa na mahali fedha zinapotoka. Zilipotoka mlangoni, televisheni ilizimwa. Zilipotoka kwenye televisheni, iliwashwa. Hasira ya mashabiki pekee haikutosha kuiondoa kanuni, kwani ilikuwepo tangu mwaka 1958. Lakini pale Bunge na Tume zilipoisikiliza, kama mwaka 1973 na mwaka 2014, ilisogeza mstari. Kwa mkazi wa Tampa aliyelipa nusu senti yake dukani kwa miaka mingi, hilo lilimaanisha jambo dogo na kubwa kwa pamoja: kuwasha televisheni Jumapili saa 7:00 mchana na kuiona timu ya mji wake ikicheza katika uwanja aliosaidia kuujenga.